Meza Iliyoandikwa Pasipo Chakula: Neno juu ya Desturi Moja ya Nyumba za Makole

Katika nyumba nyingi za Makole, hapa Dodoma, mgeni akiingia sebuleni huona upande wa pili meza ya chakula iliyokwisha kuandikwa. Kitambaa kimetandazwa, na juu yake nailoni nyeupe inayong'aa. Sahani zimepangwa mbele ya kila kiti, kubwa chini na ndogo juu. Uma upande wa kushoto, kisu upande wa kuume. Bilauri zimesimama, na ndani ya kila bilauri kitambaa kimekunjwa mfano wa kipepeo, na katikati pana maua ya plastiki. Hapana chakula, wala hapana anayetazamiwa kuja kula. Saa ya kula ikifika, watu wa nyumba hiyo huchukua sahani nyingine jikoni, wakaketi uani au penye makochi mbele ya televisheni, wakala. Meza hubaki vile vile, kesho na kesho kutwa, ila siku ya kupanguswa vumbi.

Nimesikia maneno ya namna mbili juu ya desturi hii. Wako wanaoicheka, wakisema ni kuiga tu mambo ya wageni. Wako na wanaoisifu, wakisema ni alama ya ustaarabu, na ya kuwa nyumba isiyo na meza kama hiyo haijakamilika. Naona pande zote mbili zimehukumu kabla ya kutazama. Anayecheka hakumbuki ya kuwa kiti anachokalia na kitabu anachosoma vilikuja kwa njia ile ile. Na anayesifu hajauliza meza ile inamwambia nini mtu aingiaye. Kwa kuwa walimu na wachungaji ni watu wa kupokea wageni kila juma, na wengi wetu tunazo meza za namna hii, yafaa tuipime kwa utaratibu: kwanza maneno yake, kisha asili yake, kisha kazi yake.

Tuanze na maneno. Neno meza tulilipata kwa Wareno, na sahani kwa Waarabu, lakini kitenzi cha kazi hii ni chetu. Twasema kuandika meza, na vijana wengi hudhani ya kuwa ni mfano uliotolewa katika kuandika barua, kana kwamba kisu na uma ni herufi. Yafaa wajue ya kuwa maana ya kupanga vitu kwa taratibu, kimoja kando ya kimoja, imo katika neno kuandika tangu zamani, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 huionyesha pamoja na ile ya kalamu. Jirani yake ni kuandaa, yaani kutayarisha chakula, ambako twapata maandazi na maandalio. Kuandaa na kuandika ni kazi mbili zinazokwenda pamoja: mmoja yuko jikoni anaandaa, na mwingine yuko mezani anaandika. Kuandika mahali ambapo hapana aliyeandaa ni kazi ya mkono mmoja.

Huku bara twasema pia kutenga chakula. Mama akisema, "Chakula kimetengwa," watu huinuka kwenda kunawa. Na kitenzi hicho hicho hutumika kwa mtu aliyewekwa mbali na wenzake: ametengwa. Sidai ya kuwa waliotangulia walikusudia fumbo. Lakini mambo haya mawili yako karibu kweli, maana chakula kikiwekwa mahali, hapo hapo hujulikana nani ni wa chakula hicho na nani si wake. Naomba msomaji alishike neno hili, kwa kuwa tutalihitaji mbele.

Sasa asili yake. Katika tembe ya Wagogo, ile nyumba ya udongo yenye paa la bapa na ua katikati, hapakuwa na meza. Ugali wa uwele au wa mtama uliwekwa katika chombo kimoja, na mboga, mara nyingi mlenda, katika chombo cha pili. Wanaume walikula pamoja, na wanawake pamoja na watoto. Wakanawa, wakazunguka, kila mtu akamega upande wake. Chombo cha namna hii hakihesabu watu. Wakiwa wanne wanakula, akija wa tano watu husogea, na matonge huwa madogo kidogo, basi. Sinia la pwani nalo ni vivyo hivyo: watu wamekaa mkekani, na aliyechelewa huingiza bega. Meza iliyoandikwa ina tabia nyingine. Sahani sita ni watu sita. Kabla mtu hajaingia mlangoni, hesabu imekwisha kufanywa, nayo imewekwa wazi ionekane. Wengi hudhani ya kuwa tofauti ya kula kwa zamani na kula kwa mezani ni uma na kisu. Hiyo ni tofauti ndogo, na asiyesadiki na ajaribu kula mlenda kwa uma. Tofauti kubwa ni hesabu.

Meza yenyewe ilifika Ugogo kwa njia tunazozijua. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na baadaye Mvumi. Nyumba zao zilikuwa na meza, na vijana waliofanya kazi humo walijifunza kuandika na kuondoa. Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914, ikipita Dodoma, na pamoja nayo walikuja maofisa na wasafiri waliozoea kula mezani. Mwaka 1973 iliamuliwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Tangu mwaka 2016 ofisi za serikali zikahamia kwa wingi, na mwaka 2018 mji ukapewa cheo cha jiji. Familia nyingi zikaja na samani zao, maseremala wakapata kazi, na meza ya viti sita ikazidi kuonekana katika kata zilizo karibu na katikati ya mji, kama Makole.

Lakini angalieni: katika nyumba zile za kwanza meza haikukaa imeandikwa. Iliandikwa chakula kikikaribia, na watu wakiisha kula iliondolewa vyombo. Tena kwa Wazungu wenyewe, katika karne za kati, meza katika nyumba nyingi ilikuwa mbao tu zilizolazwa juu ya miguu ya kuhamishika. Ilisimamishwa wakati wa kula na kuvunjwa watu wakishiba. Hata baadaye, walipopata chumba cha kulia chakula na visu na uma vya kila namna, meza iliyoandikwa ilikuwa na maana moja, yaani chakula kinakuja. Basi desturi ya kuiacha imeandikwa siku zote imetoka wapi? Kwa kadiri nionavyo mimi, inafanana zaidi na hoteli na duka la samani. Mwenye hoteli huandika mapema kwa kuwa hajui mteja atakuja saa ngapi. Na mwenye duka huandika ili mnunuzi apendezwe. Wote wawili wana sababu yao. Sisi tumeichukua sura, na sababu tumeiacha huko huko.

Msomaji ajuaye mambo ya pwani ataniuliza: "Je, si desturi ya kale ya Waswahili kuweka vyombo ili vitazamwe tu?" Ni kweli, na hoja hii haifai kupitwa mbio. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, kuta za vyumba vya ndani zilitobolewa zidaka safu juu ya safu, na humo ziliwekwa sahani na mabakuli yaliyotoka China, ambayo kazi yake ilikuwa kupendeza. Hata makaburini vyombo vya namna hiyo viliwekwa: nguzo za makaburi ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na ya Mambrui, katika Kenya, zilipachikwa sahani na mabakuli katika chokaa. Basi asiseme mtu ya kuwa kuweka chombo kwa ajili ya macho ni jambo geni kwetu.

Lakini chombo cha kidakani kimo ukutani, wala hakina kiti mbele yake. Kinasema, "Mwenye nyumba hii ana mali, tena apenda kilicho kizuri." Hakisemi, "Keti ule." Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtungaji wa Al-Inkishafi, alipotaka kuonyesha ya kuwa fahari ya Pate imepita, alitaja madaka ya sahani yaliyogeuka kuwa malazi ya makinda ya ndege. Fahari ndiyo iliyopotea pale, kwa sababu fahari ndiyo iliyowekwa pale. Katika Makole kidaka cha siku hizi ni kabati la vyombo lenye vioo, nami sina neno nalo. Mwenye sahani nzuri na aziweke kabatini, tuzitazame na kumsifu. Meza ni jambo jingine, kwa kuwa meza iliyoandikwa ina viti, na kiti kilichowekwa mbele ya sahani ni ahadi.

Iko hoja ya pili, nayo naiheshimu zaidi. Mama mmoja wa mtaa wetu aliniambia, "Mwalimu, mgeni hana siku. Mimi nikiiacha meza tayari, nimemkaribisha kabla hajapiga hodi." Hili ni neno zuri. Wahenga wamesema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kama meza ile humngoja mgeni kweli kweli, basi imeingia katika desturi zetu bora kwa mlango wa mbele. Walakini ukaribisho hupimwa kwa aliyekaribishwa, wala haupimwi kwa nia ya mwenye nyumba. Na hapa sina budi kusema habari za nyumba yangu mwenyewe.

Mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, alikuja babu mmoja wa ukoo wetu kutoka upande wa Bahi. Alikuwa na shauri la shamba mjini, akapita Makole kutuamkia, pasipo kutuma habari kwanza, kama ilivyo haki ya mzee. Ilikuwa karibu saa saba mchana. "Mbukwenyi," akasema mlangoni, nasi tukaitikia, tukampa kiti sebuleni. Mke wangu alikuwa uani anasonga ugali. Mzee aliketi kidogo, akaitazama meza yetu, iliyokuwa imeandikwa watu sita kama siku zote, kisha akaanza kujikusanya.

"Babu, ngoja kwanza, chakula ki karibu," nikasema.

"Mjukuu wangu, nimekwisha kula njiani," akajibu. "Msihangaike. Shughuli zenu naziona."

Nalimsihi, akakataa kwa upole, akaenda zake. Sisi tukatandika mkeka uani, tukala. Juma la pili nalipata habari kwa ndugu aliyemlaza usiku ule, ya kuwa mzee alifika kwake ana njaa, hajatia kitu kinywani tangu alfajiri. Alipoulizwa kama hakupita kwa mjukuu wake, alisema, "Nalipita. Nalikuta meza ya wageni sita, nami sikuwa mmoja wao."

Nalikwenda Bahi kumtaka radhi. Alicheka sana niliposema ya kuwa hapakuwa na wageni wo wote, na ya kuwa meza ile ilikuwa pambo. Aliniuliza mara mbili, asidhani amesikia vibaya. Kisha ugali ukaletwa, tukala chombo kimoja. Lakini mimi sikucheka, kwa kuwa nilifahamu ya kuwa mzee yule hakukosea hata kidogo. Aliisoma meza sawasawa na ilivyoandikwa. Vyombo vilikuwa vimepangwa, hesabu imetimia, maua yamewekwa. Kila alama ilisema ya kuwa watu wakubwa wanangojwa, na mtu mwenye adabu hawezi kukaa katika kiti cha mwingine. Wa kukosa nalikuwa mimi, niliyeweka mbele ya macho yake maneno nisiyoyakusudia. Hapo ndipo lile neno kutenga liliponirudia. Chakula kilikuwa uani, kinawatosha wote; meza ilikuwa sebuleni, haina kitu; naye akatengwa na ile isiyo na kitu asifike kwenye kile kilichokuwapo.

Sasa tutazame uzuri wake, maana wenye desturi hii husema ni pambo, na pambo nalo lina haki ya kupimwa kama pambo. Kosa la kwanza ni nailoni. Mtu amenunua kitambaa kizuri, au binti yake amekifuma kwa mkono kwa muda wa miezi miwili, kisha amekifunika kisiguswe. Kilichobaki machoni ni mng'ao wa nailoni, na kazi ya binti haionekani. Kosa la pili ni maua ya katikati, ambayo mara nyingi ni marefu hata watu wawili wakiketi wakielekeana hawaonani nyuso. Hii yatosha kuonyesha ya kuwa aliyeyaweka hakuwaza watu walioketi, aliwaza mtu asimamaye mlangoni. Kosa la tatu ni sahani zinazolazwa kifudifudi kwa ajili ya vumbi. Sahani iliyogeuzwa uso chini haimwiti mtu. Kwa kawaida hivyo ndivyo tunavyoviweka vyombo vilivyokwisha kuoshwa, kazi yake imekwisha. Hivyo meza moja husema mambo mawili: viti vyasema njoni, sahani zasema tumekwisha.

Nami nimeona meza nzuri katika Makole, sitaki mtu adhani ya kuwa hakuna. Iko nyumba moja ambamo meza ya mninga huachwa wazi, imepanguswa, haina kitu ila bakuli la zabibu za hapa Dodoma wakati wa mavuno, au karanga wakati mwingine, na birika la maji limefunikwa kawa. Alama za sufuria za moto zimo katika mti wake, na ukingo mmoja umechongoka kwa mikono ya watoto waliofanyia hesabu za shule hapo. Ni meza iliyotumika. Mgeni akiketi, mkono wake huenda penye karanga kabla hajaambiwa, na mazungumzo yameanza.

Yako na mambo ya kazi na maji. Nchi yetu ya Dodoma ni kavu. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 au 600, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayofuata ni ya upepo na vumbi jekundu, na vumbi hilo haliulizi kama sahani imeliwa au haikuliwa. Mwenye meza iliyoandikwa watu sita ana sahani kumi na mbili, bilauri sita, na visu na uma na vijiko vyake, vyote vya kuoshwa kila juma pasipo mtu kuvitia chakula. Anayeviosha mara nyingi ni binti wa kazi, au mtoto wa nyumba aliyerudi shuleni amechoka. Nalimwuliza mmoja ni kazi gani aionayo nzito kuliko zote. Sikutazamia jibu lake. Alisema si kufua, wala si kuchota maji. Ni kuosha vyombo visivyo na uchafu wa mtu. Mtoto huyu alikuwa amefahamu jambo ambalo mimi nalihitaji kufika Bahi ili nilifahamu.

Basi hukumu yangu ni hii. Kuipenda meza si kosa, wala kupamba nyumba si kosa. Nyumba isiyopambwa huonekana kama imekata tamaa. Walakini meza haiwi pambo kwa namna ya picha ukutani, kwa kuwa kila aijuaye husoma ndani yake habari za chakula na za watu. Mwenye kuiandika lazima awe tayari kuitimiza. Kama anataka iandikwe siku zote kwa ajili ya mgeni asiye na siku, na amketishe pale mgeni wa kwanza aingiaye, akiwa ni mkubwa wa ofisi au mzee wa shamba mwenye miguu ya vumbi, naye mwenyewe aketi pamoja naye. Kama hawezi, au kama watu wake hupenda kula mkekani, basi na aondoe sahani aziweke kabatini, meza ibaki wazi. Meza tupu haimdanganyi mtu. Iko kama ua uliofagiwa: waweza kuketiwa na watatu au na tisa.

Kwa walimu nina neno moja zaidi. Katika mafundisho ya Sayansi Kimu watoto wetu wamefundishwa kuandika meza: uma huku, kisu kule, bilauri mahali pake. Mafundisho hayo ni mema. Lakini nimeona darasa likimaliza somo lote kwa sahani tupu, mwalimu akatoa alama, kengele ikalia, na watoto wakaenda kula uji wao nje chini ya mti. Yafaa somo hilo lifanywe siku ya chakula, hata kikiwa ni viazi tu, na watoto waketi wale walichokiandika, kisha aletwe mmoja zaidi ya hesabu, waulizwe, "Huyu ataketi wapi?" Watoto wa Kigogo hawatakosa jibu, maana nyumbani kwao wamekwisha kuliona mara nyingi: watasogea.

Sisi nyumbani tumeondoa sahani mezani. Mke wangu aliacha kitambaa alichokifuma mama yake, pasipo nailoni, nacho kimekwisha kupata doa la mchuzi upande mmoja. Viti vilikuwa sita, tumeongeza vigoda viwili vya Kigogo vya miguu mitatu, ambavyo ni vifupi mno kwa meza ile na huwafanya watoto wacheke. Wasomaji walio Kondoa, Singida, Iringa na kwingineko, ambako watu husema kuandika, au kuandaa, au kutenga, au neno jingine la kwao kwa kazi hii, na watuandikie neno hilo pamoja na namna mgeni asiyetazamiwa anavyoketishwa.